Taa ya Stoo

Nyumba ya shangazi Mishi, Kibokoni, haina ramani ya waya.
Aliyezitandaza alikufa nazo kichwani,
na kila mpangaji akaongeza wake,
ukapita darini, ukazama ukutani, ukatokea chooni.

Fundi Mwijaka hakubomoa ukuta.
Alichomoa fyuzi moja, akapaza sauti:
"Imezima wapi?"
"Ukumbini! Na feni ya juu!"
Akaandika kwa penseli pembeni mwa kalenda.
Akairudisha. Akachomoa ya pili.

Nilicheka peke yangu ngazini.
Kazi yangu kule Tudor ndiyo hii hii,
ila nyumba yangu ni jani la mchu,
vyumba vyake jeni elfu ishirini na moja,
na sampuli ninazo arubaini na nane tu,
zilizochumwa matopeni, maji yakijaa na yakitoka.

Kompyuta hunionyesha majirani:
hii ikipanda, na ile hupanda.
Huchora mstari kwa kila jozi
mpaka skrini ifanane na nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi.
Lakini Badi na Twalib wa mtaa wetu
hufungua milango alfajiri kwa pamoja,
wala hakuna aliyemwamsha mwenzake:
wameitwa na mnara mmoja.
Basi nafuta. Napandisha kizingiti, nafuta tena.
Nauliza nani alitangulia,
maana aliyepata habari saa moja
hakumpasha aliyeipata saa kumi na mbili.

Mistari laki nne ikabaki mishale mia tatu na tisa.
Nikajiona bingwa.
Kisha Naima wa meza ya pili akaizima kweli ile jeni
niliyoibandika jina Shehe, yenye mishale sitini,
na mche ukatoa chumvi yake majanini
kama jana, kama juzi.

Kibokoni, ili ahakikishe, fundi alichomoa fyuzi zote nane.
Giza. Feni zikizunguka kwa mazoea tu.
Isipokuwa taa ya stoo.
Aliitazama kama mtu aliyetukanwa.
Shangazi akakohoa.
"Hiyo... hiyo yatoka kwa Bi Rukiya. Tangu mwaka wa mafuriko."

Tuliufuata waya kwa tochi:
dirishani, juu ya kichochoro, hadi kwenye mita ya watu.

Usiku huo nilifungua mchoro wangu,
nikatia duara tupu nje ya ukuta wa jani,
la kitu ambacho hatukukipima,
labda vijidudu vya mizizini, labda mwezi,
na mshale wa nukta nukta ukiingia ndani.
Kando yake nikaandika, kwa penseli:
kwa Bi Rukiya.