Vidonge vya Jumatatu

Kila Jumatatu, miaka kumi na mmoja,
vidonge sita vya manjano
kwenye kisosi cha kahawa, Ersilia,
nami nikivihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea,
kwa kuwa tuliambiwa: mara moja kwa wiki,
anayejisahau akanywa kila siku huzikwa.

Baridi yabisi. Jina gani hilo
kwa ugonjwa uliokuingia mwezi wa Agosti,
lami ya Castelfidardo ikiyeyuka,
vifundo vya vidole vikiwaka kama makaa?
Wewe uliyezikwangua ndimi za kodiani,
chuma chembamba kuliko ukucha wa kichanga,
ukikwangua kidogo, ukisikiliza, ukikwangua tena,
ulishindwa kushika tupa,
kisha ukashindwa kushika kijiko.
Nikakufunga vifungo. Nikakuchana nywele, vibaya.

Ndipo vidonge. Kichefuchefu cha Jumanne,
vidonda vya mdomo, Jumatano ya kulala tu.
Alhamisi ukarudi karakanani,
na vidole vyako vikarudi nawe.
Ukajifunga vifungo mwenyewe, hata vile vidogo vya shingoni,
nami, Mungu anisamehe, nikaona wivu wa kipuuzi:
nimeachishwa kazi.

Februari hii, mbele ya kioo,
mkono wako ukasimama chini ya sikio.
"Nazzareno, njoo uguse hapa."
Niligusa, sikukuta kitu.
Vidole vyangu vya seremala husikia mbao.
Vyako vilisikia.
Vidole vilevile ulivyorudishiwa na dawa
ndivyo vilivyokikuta kilicholetwa na dawa:
tezi, kama punje ya dengu, kisha kama zeituni,
haiumi, haikimbii.

Ancona. Sindano, kipande cha nyama, siku kumi na sita.
Daktari Quattrini alilitamka polepole, limfoma,
akatafuta mfano, maana nao hutafuta mifano:
mbwa anayemng'ata mwenye nyumba,
akanyweshwa dawa ya usingizi,
mlango ukabaki bila wa kubweka.
Ulimtazama mpaka akashusha kalamu.
"Mimi si nyumba," ulisema, "na mbwa sijafuga.
Niambie kesho tunafanya nini."

Kesho hatufanyi kitu. Ndilo lililokuwa jibu.
Tunaacha vidonge, tunangoja.
Wakati mwingine, alisema, mwili ukiachiwa
huamka ukajisafisha wenyewe.
Wakati mwingine. Nililibeba neno hilo ndani ya basi
kama yai mfukoni, nikiogopa kukaa.

Usiku nilitafuta wa kumlaumu.
Nikamkuta aliyehesabu:
sita, kwa sauti, kila Jumatatu.
Nilipokwambia ulicheka hadi ukakohoa.
"Miaka kumi na mmoja ya mikono, Nazzareno.
Ulidhani napewa sadaka?"

Wiki ya nne, zeituni bado.
Wiki ya saba, dengu.
Na vifundo vikaanza kuwaka.

Jana ulinisikilizisha ndimi mbili za sauti moja,
moja imepandishwa kidogo mno isilingane na mwenzake,
hazigombani, hazikubaliani,
na baina yao sauti inatetema.
"Zikilingana kabisa," ulisema, "kodiani inakufa."
Sikujua kama tunazungumza kodiani.
Tupa ilikuwa imekushinda, nikaishika mimi,
ukaniongoza kwa maneno, hapa, taratibu, basi, basi,
nikaharibu ulimi mzima
na ukatukana kama bibi yako mzaa mama.

Leo Jumatatu. Kisosi kitupu,
sijui kwa nini nimekiosha.
Inua kidevu.
Kifungo cha juu kimekuwa kigumu, au ni mimi.
Ninapokifunga, kidole kimoja kinaponyoka
kupita chini ya sikio lako, kinatafuta,
nawe unajua,
unakiacha kitafute.