Askari wa Ghala

Baba alilinda ghala la tumbaku Arua
miaka thelathini na mmoja, kwa rungu, tochi,
na kikohozi alichokijua kila mwizi.
Sasa yuko Mulago, kiti cha tatu toka dirishani,
dripu inamhesabia zamu.

Dawa ya kwanza haikuchagua.
Ilipita mwilini kama polisi kwenye msako:
mwenye kosa, asiye na kosa, wote chini, mikono kichwani.
Kucha zikawa nyeusi. Ugali wa muhogo ukaonja msumari.
Chuma cha kitanda kilimchoma kwa baridi;
hata soda aliinywa vuguvugu, chupa ameiviringishia leso.
"Ayikoru, vidole vyangu vimehamia kwa mtu mwingine."
Uvimbe ukasinyaa kidogo,
kisha ukasahau kusinyaa.

Wiki sita tulingoja kipande kilichopelekwa ng'ambo kupimwa.
Daktari Nabukeera akachora utumbo mgongoni mwa bahasha:
uvimbe wa baba ni wa wale wachache
wenye makosa tele ya tahajia katika mwandiko wao wa ndani.
Askari wa mwili wangeutambua mara moja,
ila kila wakifika, unawaonyesha kitambulisho.
"Dawa hii mpya haimpigi mwizi," alisema.
"Inamnyang'anya kitambulisho."

Baba alinyamaza. Kisha:
"Mwaka ule wa magunia arobaini,
aliyeingia alikuwa na barua yenye muhuri.
Nilimpigia saluti."

Tukauza kiwanja cha Muni, ng'ombe watatu,
na pikipiki ya Ezati ambayo deni lake bado.
Zikatosha vichupa viwili. Kila kimoja
kimo cha kidole gumba.

Nusu saa tu, dripu ikaisha.
Hakutapika. Alikula mandazi mawili,
akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji:
"Dawa isiyouma, itajuaje pa kwenda?"

Usiku ngozi yote ikamwasha.
Alijikuna hadi adhana ya alfajiri.
"Wameamka," akasema, karibu afurahi,
"lakini naona wanampiga hata mwenye nyumba."

Kichupa cha tatu hatujui kitatoka wapi.
Ezati hapokei simu.

Jumatatu nilimletea soda ya friji, bila kufikiri.
Aliipokea kwa leso, kwa mazoea.
Halafu akaiacha leso ianguke magotini,
akakaa hivyo, chupa mkononi, jasho lake likimchuruzika viganjani,
wala hakuniambia anasikia nini.