Siku Tupu

Theluji ya Januari imefika kizingitini
na Bohuš ameshaanza kwenda baharini.
Meza ya jikoni si meza tena:
rula, kalamu tatu za rangi, miwani ya kusomea,
na ramani kuukuu yenye jina la nchi
iliyovunjika sisi tungali wachumba.
"Milima haijahama," ananijibu,
na kuipiga pasi kwa kiganja.

Miaka thelathini na mmoja anaendesha tramu hapa Košice,
kituo hadi kituo, dakika zimehesabiwa na wengine.
Usiku huu dakika ni zake,
naye anazigawa kama mkate wa msibani:
saa tisa usiku, kuwasha gari;
saa tisa na nusu, mpaka wa Hungaria;
saa kumi na mbili, Budapest,
tuipite kabla haijafumbua macho;
ziwa Balaton: choo, chai ya chupa,
dakika kumi na mbili, zisizidi.

Amempigia mama mwenye nyumba kisiwani Krk mara tatu,
yeye na Kislovakia chake, mama na Kikroatia chake,
wakikutana katikati kama watu wawili juu ya daraja bovu.
Jua la asubuhi huingilia dirisha gani?
Kutoka lango hadi maji ni hatua ngapi?
Mama Nevenka akacheka, akaenda kuhesabu:
mia mbili na nane.
Bohuš akaandika. Akapigia mstari.

Kwenye bahasha ana noti za kuna,
masalio ya mwaka ule Radovan alipotapikia viatu vyangu.
Fedha hiyo ilishakufa, hainunui hata limau,
lakini kila Januari huzihesabu,
na kila Januari zimetimia.

Ukurasa wa tisa ni wangu.
Hakuandika jina, ila najiona humo:
vipande ishirini vya nyama vya kukaanga usiku wa kuondoka,
makopo saba, viazi nusu gunia,
sufuria kubwa, sufuria ndogo, mwiko.
"Mikahawa ya huko itatunyonya," anasema
bila kuinua kichwa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi langu nalibeba toka nyumbani,
limefungwa juu ya gari, pamoja na godoro la upepo.

Alipolala nilisoma mpaka chini.
Kila kitu kilikuwa na saa yake,
tairi, pampu, hata mawimbi.
Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya hatari,
nikaandika ukingoni, herufi za sisimizi:
Na Vlasta atapumzika saa ngapi?

Asubuhi hakusema neno.
Alikunywa kahawa amesimama,
akaenda kuitoa tramu ya kwanza gizani.

Jioni nilikuta daftari limewekwa juu ya mkate,
mahali ambapo nisingeweza kulikosa.
Nyama ishirini zimekatwa kwa mstari mmoja,
wa rula, bila shaka.
Na siku ya nne, Jumatano: hakuna.
Hakuna kanisa, hakuna pango, hakuna kisiwa cha pili,
safu nzima nyeupe
kama ua wetu kabla mbwa wa jirani hajapita.

Namjua huyu mtu.
Kisanduku kitupu humuuma kama jino.
Karatasi ilikuwa imekonda pale kwa kufutwa,
nikaiinua kwenye taa, maandishi yakajitokeza, hafifu:
Saa tatu, Vlasta: kupumzika.
Saa nne, Vlasta: kuendelea.
Saa tano, kumuuliza kama anatosheka.
Yote ameyafuta.

Nimecheka mpaka nikaketi.
Yeye anakoroga supu, mgongo amenipa,
masikio mekundu kwa baridi, au kwa kingine.
Nje theluji inaanza upya.

"Bohuš," namwita, "hizo hatua mia mbili na nane,
alizihesabu na viatu, au pekupeku?"

Anaweka kijiko chini.
Anaitafuta simu.