Kalamu Nyekundu

Barua ya kwanza haikuwa yangu.
Aliandikiwa Mwalimu wa Darasa, S.L.P. ya shule, Iringa,
na Obadia Tweve wa Matamba:
anaomba radhi, ada ya mdogo wake Debora itachelewa,
viazi viko shambani, lori limekwama,
"na huku balidi kali, mwalimu, hata wino unasita."

Mkono una mazoea. Nikashika kalamu nyekundu,
nikaizungushia duara ile balidi,
nikaweka R pembeni, alama sabini kwa mia,
nikamrudishia. Utani. Au kiburi cha chuo.

Wiki tatu, kimya. Nikaona haya hata kumtazama Debora.

Kisha bahasha ya kaki, inanuka moshi na pareto:
baridi, baridi, baridi, mistari ishirini,
adhabu aliyojipa mwenyewe,
na chini kabisa: "Nimesahihisha.
Ila jalidi ina L, mwalimu, na hamsemi kitu.
Inayoua viazi vyangu ni hiyo."

Nikacheka ofisini peke yangu. Mwalimu Mkuu akavua miwani.

Uso wake sikuujua. Niliijua k yake,
mguu mmoja nje ya mstari,
kama mtu aliyesimama mlangoni akilionea haya tope lake.
Nilimjua ng'ombe wake aliyezaa usiku wa ukungu,
na chemli, na mama yake anayeuliza:
"Huyo mwalimu, ada yake haiishi?"

Ada ilishalipwa tangu Machi.

Nami nikamwandikia nisilomwambia mtu:
kwamba Jumapili hupanda jiwe la Gangilonga
kusikiliza kama leo litasema,
nikashuka na njaa tu.

Barua ya kumi na moja ilikuja safi.
R zote mahali pake, koma zimekaa sawa,
kama waraka wa Ofisi ya Elimu.
Nilitafuta kosa hata moja, nikakosa.
Nikaiweka mezani, nikavaa sweta.

Nikamjibu mstari mmoja: "Nani amekuandikia?"

"Mimi. Sikutaka uone aibu kwa ajili yangu.
Lusungu, shule zikifungwa nitakuwa Chimala,
chini ya kona hamsini na saba.
Njoo na koti. Balidi."

Kalamu ilikuwa mkononi, kifuniko nimeshakitoa.
Nikazungushia duara neno moja tu,
Chimala,
nikatoka kwenda kuuliza nauli.