Barua Mbili, Groningen

Barua mbili ziko mezani, kati ya jibini na chumvi.
Moja ya Kitivo cha Teolojia, ina muhuri mwekundu;
nyingine ya Idara ya Taaluma za Dini, haina muhuri,
ina namba ya simu na jina la mtu wa kuuliza.

Jeltje hajala.

Kule kwenye muhuri walimuuliza: "Unasali?"
Akasema ndiyo, akaona haya, kama aliyekiri deni.
Kule kwingine hawakuuliza. Profesa Dijkema alifuta miwani:
"Hapa Mungu tunamwandika watu wanavyomtaja.
Hatumwiti, wala hatumfukuzi."
Maneno yalimpendeza. Ndiyo yanayomkosesha usingizi.

Maana anachotaka kuandika ni kitu kidogo:
wazee kumi na mmoja wa kijijini kwao,
kanisa lao liliuzwa, likawa duka la baiskeli,
na bado kila Jumapili, saa nne, wanakuja,
wanasimama kati ya magurudumu, wanaimba zaburi,
kisha mmoja wao ananunua kengele asiyoihitaji.

Awahoji, anukuu umri na sauti?
Au aulize wanamwimbia nani, na kama anasikia?

Mama yake ni wa saba kutoka mlangoni.
Kengele anazo nne kwenye droo. Baiskeli hana.

"Utakuja kunihoji lini?" alimuuliza juzi kwenye simu.
Jeltje kimya.
"Au utakuja kuimba?"

Mvua inadonoa mfereji. Fomu zote mbili zinataka jina,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
zote zimeacha mstari mmoja: Maelezo mengine.

Anaanzia hapo.