Kinyume cha Kushika

Jumatano, soko la wanawake la Ibra likianza kufungwa,
Bi Ghaliya alinishushia sanduku la msaji
kutoka nyuma ya pikapu ya mkwewe.
Nyota kumi na mbili za shaba, kifuniko kizima,
na ya tisa imeinua ncha moja,
imemchania mjukuu wake buibui.
"Tia gundi tu," akasema. "Alhamisi ijayo tuna harusi."

Gundi tu.

Nimeishi na gundi miaka ishirini na minne.
Naijua ya mirija miwili, inayonuka samaki.
Naijua ya kwato, huchemka mpaka jirani aulize nani kafa.
Naijua ile ya haraka, inayopenda vidole kuliko kazi.
Na kiyoyozi nakijua: Maskati, ghorofa ya sita,
kinanyonya ubao usiku kucha mpaka unanywea;
kisha mwezi wa sita umeme unakatika,
joto linaingia bila hodi,
shaba inatanuka.
Mmoja anasinyaa, mwenzake anafura,
na gundi katikati yao, kadhi aliyechoka.

Nikapenyeza kisu chembamba.
Nyota ikabanduka kama kigaga.
Na mle shimoni, katika gundi iliyokauka rangi ya asali,
alama ya dole gumba.
Kovu lililokatiza mistari yake nililipata kwa patasi
mwaka aliozaliwa binti yangu Thuwaiba.

Dole langu. Kazi yangu. Riali kumi na tano.

"Bi Ghaliya, aliyeiharibu hii ni mimi."
"Najua," akasema, akitafuta pa kukaa.
"Ningempelekea nani mwingine?"

Usiku nikaikwangua gundi yangu, chembe kwa chembe.
Chini yake kuta za shimo hazikwenda wima:
zimeinamiana, pana chini, jembamba mdomoni,
kama mtungi.
Alichonga hivyo kwa makusudi, fundi wa kwanza,
nisiyemjua jina wala mji,
nami nilikuja na mirija yangu
nikamziba mdomo.

Nikaichoma shaba ilainike.
Nikingoja ipoe nilihesabu maneno:
bandika, bandua. Chomeka, chomoa.
Funga, fungua. Ziba, zibua.
Kila kifungo, lugha yetu imekitilia ufunguo
mlemle tumboni.
Na shika?
Nikajaribu kwa sauti: *shikua*.
Paka akanitazama.
Hakuna. Aliyeshika huachia,
neno jingine kabisa, la mlango wa pili.

Basi nikailaza nyota mahali pake, kavu,
nikaigonga kuanzia kitovuni, polepole,
nyundo ndogo, ya uso wa mviringo,
mpaka nikasikia mlio ukibadilika:
mwanzo *kli, kli*, kama kijiko kwenye sahani,
halafu *dap*.
Shaba imekwenda chini ya midomo ya mti,
imekaa.
Nikapitisha tupa, kisha msasa, kisha kiganja.

Alhamisi akaja na mafuta ya udi mikononi.
"Mbona hii inang'aa peke yake?"
"Ngeni."
"Iache. Itajifunza jasho letu."
Akaibonyeza kila ncha, zote tano, bila haraka,
kama anayekagua meno ya mbuzi.
"Umetia gundi gani safari hii?"
"Sikutia."
Hakuniamini. Akainama mpaka pua ikagusa kifuniko,
akanusa.

"Kweli," akasema. "Hainuki samaki."