Daftari la Matope

Mimi ndiye mwenye daftari.
Sikuchaguliwa kwa elimu. Siku ile ya kwanza
wenzangu walikuja na majembe na madumu,
mimi nikaja na kalamu.

Mwezi wa pili, joto la kaskazi limekaa kifuani,
mikoko ya Jomvu inazaa.
Mbegu ndefu, kijani, ncha ya kahawia;
hatuzichumi. Mwanatumu hulipiga tawi kwa kiganja:
itakayoanguka imeiva,
itakayokataa ina haki yake.
Tunazipanga kivulini nyuma ya kisima
katika pakiti za maziwa tulizookota hotelini,
kila pakiti matundu matatu, tope, mchanga kidogo.
Nimeandika: elfu moja mia nne na kumi na mbili.

Masika hutuletea mji mzima.
Mvua inaiosha Miritini, inaiosha Chaani,
na maji ya kuoshea tunayapokea sisi:
pampasi, vifuniko, kichwa cha mwanasesere,
malapa. Kwa nini kila siku la kushoto?
Tunayachomoa mizizini kabla hatujapanda chochote,
na hilo halina safu katika daftari.

Bamvua la mwezi wa tano walikuja wageni
na fulana mpya na bango na maji ya chupa.
Walipanda mia mbili kwa dakika arobaini,
wakapiga picha, wakanawa, wakaenda zao.
Tulibaki tumesimama.
Dzombo ndiye aliyeanza kucheka, akakaa chini topeni:
nusu ya mbegu zimechimbiwa kichwa chini,
kichipukizi ndani ya tope, mguu hewani.

Tuliinama. Tukazipindua moja moja
mpaka maji yaliyokuwa yakirudi yakatufika magotini.
*Kilopandwa kichwa chini hakikumbuki mizizi,*
alisema Mwanatumu, bila kuinua uso.
Niliandika: mia mbili, wageni.

Dzombo namjua tangu alipokuwa akikata.
Boriti, usiku, shoka limefungwa kitambaa lisilie.
Leo ndiye ajuaye tope lipi litaukubali mkoko,
wapi pa mchu, wapi pa mkandaa,
na wapi mlilana peke yake utasimama mbele ya wimbi.
Huonyesha kwa mguu, haonyeshi kwa kidole.
Kuna kisiki kimoja hukizunguka kila tupitapo.
Nilimwuliza.
"Hicho kililipa karo ya Umazi."
Akaendelea kuchimba.

Kusi likikaza, majina hupungua.
Wengine wamepata kibarua bandarini,
wengine wana harusi, wengine wana miguu.
Juni nimeandika watu wanne.
Julai watatu, na mmoja ni mimi.
Mbuzi wa Bi Nyevu walikula miche sitini na mitatu;
tulikwenda kushitaki tukapewa chai ya tangawizi
na jibu: "Mbuzi hasomi kibao."
Tuliinywa chai. Ilikuwa nzuri.
Siku ya pili tukafunga wavu wa zamani
ule ule tulioung'oa mizizini masika.

Sasa ni vuli, siku ya hesabu.
Kamba ina fundo kila mita. Wao wanaita, mimi naandika:
hai. Kufa. Kufa. Hai. Kufa.
Kaa mmoja mwekundu ametoka shimoni
amesimama kando ya mche, gando juu,
kama anayengoja kuitwa jina.
Hai.
Jua limekwisha kutuchoma tulipofika mia sita na nane,
na hapo wakagombana.

Mche mmoja. Jani moja. Manjano.
Mwanatumu kaukwaruza kwa ukucha: umekufa.
Dzombo kapiga magoti, kaushika shingo
kwa vidole viwili, vile vile vya shoka,
kakaa kimya muda mrefu
mpaka nzi wakamzoea.
"Hai," akasema.
"Dzombo, huo ni ukuni."
"Hai."

Wakanitazama mimi.
Maji yalikuwa yameanza kupanda kwenye mkondo.
Nilifungua mkoba, nikairudisha kalamu,
nikatafuta penseli.